Mvua Ilitukuta Wodini

Ulikuwa ule mwaka tuliokula mahindi ya msaada yenye fukusi. Sisemi mwaka wa mahindi ya manjano, huo ni wa zamani na wengi waliokula nami wamelala kaburini. Nasema ule wa juzijuzi, misimu ilipofuatana bila mvua mpaka mbuzi wakawa wanakula makaratasi sokoni. Gunia la msaada ukilifungua, unga unamwagika wenyewe, fukusi wamekusagia bure. Tulianika mahindi yale juani. Fukusi wakatoka wakaenda zao, tukafurahi, tukafunga gunia. Baada ya muda ukilifungua, wamejaa tena. Kumbe wengine walikuwa ndani ya punje wakati sisi tunajipongeza. Tulipepeta, tukakoboa, tukapika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, bila hata punje moja ya maharagwe. Ukitafuna kitu kikalia kwenye jino, humuulizi mwenzako ni nini. Unameza.

Na mwaka huo mimi nililala njaa nikiwa na chakula nyumbani. Juu ya jiko langu, mahali moshi unapopita, kulikuwa na kibuyu kimejaa mbegu: ndengu, kunde, mbaazi, na yale mahindi yetu mafupi yanayovumilia jua. Majirani walikula mbegu zao. Siwalaumu, walikuwa na watoto wanaolia. Mimi nilikitazama kibuyu kile nikakiambia, wewe ngoja, mvua ikija itanikuta na kitu mkononi. Kwetu Kanyangi mvua ya kwanza ndiyo mvua. Ukiikosa hiyo, zinazofuata ni za kuosha mabati tu.

Naishi peke yangu. Mzee alitangulia zamani, na watoto wamekwenda walikokwenda. Kitinda mimba wangu yuko Salama, pale kwenye barabara kuu, anauza machungwa na maembe kwa watu wa magari. Huko alipata msichana. Wazazi wake walitoka upande wa Mlima Kenya wakaja wakafungua duka la nafaka. Watu wa kanisa, watu wazuri, sina neno nao. Lakini msichana hajui Kikamba hata cha kuomba maji, na mimi Kikikuyu sijui. Alipokaribia kujifungua mwanangu akamleta kwangu, kwa sababu Salama wanakaa chumba kimoja na yeye anashinda barabarani. Tukawa wanawake wawili ndani ya nyumba, tunaongea Kiswahili: mimi changu cha darasa la tatu, yeye chake cha dukani. Na Kiswahili cha watu wasiozoeana huisha haraka.

"Umeamka?"

"Nimeamka, mama."

"Uji umekunywa?"

"Nimekunywa."

Basi, siku imekwisha hapo. Nilikuwa mpweke zaidi kuliko nilipokuwa peke yangu, kwa sababu ukiwa peke yako angalau unaongea na kuku.

Mtoto alizaliwa zahanati, bila shida, msichana. Desturi ya kwao na ya kwetu hapa ni moja: msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba. Kwa hivyo yule mtoto alikuwa mimi. Mwanangu akimpigia mkewe simu alikuwa anauliza, "Mwaitu ameamka? Mwaitu amenyonya?" Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu, na hakuwa ananiulizia mimi. Nilijivuna. Nilimbeba mtoto yule nikatembea naye hadi kisimani ambako hakukuwa na maji, ili tu watu wamwone.

Hajamaliza wiki mbili, wakaja akina mama wa kanisa kumwona. Kila mmoja alikuwa na kikombe cha unga amekifunga kwenye pembe ya leso, na mwaka ule kikombe cha unga kilikuwa zawadi ya kumpa mfalme. Mwenyekiti wao ni rika langu, mwanamke mnene wa sauti, tuliokoka siku moja na tunataniana tangu siku hiyo. Mtoto alipozaliwa akaanza kuniita Susu, yaani nyanya, ati nimepandishwa cheo.

"Susu, hebu tuletee huyu mgeni." Akampokea, akapitisha kiganja juu ya utosi, pale laini juu ya kichwa. "Haki ya Mungu! Guseni hapa. Sisi sote tumekauka, huyu amejaa mpaka juu!"

"Kanyangi nzima haina maji," akasema mwingine, "yeye amekuja na tangi lake!"

Tulicheka. Hata msichana alitabasamu, na kwake kutabasamu ilikuwa kazi.

Lazima nieleze kwa nini tulicheka. Sisi watu wa jua tunaujua utosi ulioshuka. Mtoto akiharisha na maji hakuna, pale juu panaingia ndani kama kisahani, na mama anayeona kile kisahani anaanza kulia kabla hajamwita mtu. Nimezika mmoja hivyo, zamani. Kwa hivyo asubuhi kila mama wa kwetu anapitisha kidole kichwani kwa mtoto, na akikuta pamejaa anamshukuru Mungu. Hakuna aliyewahi kutufundisha kuogopa utosi uliojaa. Kwetu kujaa ni maziwa. Kujaa ni baraka.

Wakaendelea na chai ya rangi, nami nikamchukua mtoto. Nikaweka vidole pale. Nimekamua mbuzi tangu nikiwa mdogo kuliko ndoo. Kiwele kilichojaa maziwa na kiwele kilichovimba kwa ugonjwa vinafanana kwa macho. Vidole ndivyo vinavyojua. Kile cha maziwa kinakubali mkono. Kile cha ugonjwa kina moto, kimekazana, kinakusukuma. Utosi wa mtoto ulinisukuma. Na hakuwa analia wakati huo, alikuwa ametulia, macho nusu wazi.

"Huyu ni mgonjwa," nikasema.

"Mgonjwa wa nini, wa kushiba?" Mwenyekiti akacheka peke yake.

"Ziwa amelikataa tangu jana."

"Amelala. Mtoto si analala? Ulitaka alime?"

Nikamgeuza nimweke begani, akalia. Si kilio cha njaa. Kilikuwa kilio kimoja chembamba, cha juu, kama cha mwanambuzi aliyenaswa kwenye waya, na shingo ikajipinda nyuma. Msichana akasimama. Akachukua leso ya kubebea.

"Tuombe basi," akasema mwenyekiti, sauti imepungua.

Wakaomba. Niliitikia amina nikiwa nimeshavaa viatu.

Tulipanda boda, mwenye pikipiki mbele, msichana katikati na mtoto, mimi nyuma nimewakumbatia wote wawili kama gunia. Zahanati nesi alipomfunua, mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa unatetemeka wenyewe, macho yameenda upande. Nesi hakuuliza maswali mengi. Alimdunga sindano pale pale, ya pili akaongeza, akapiga simu ya gari la wagonjwa. "Hii nimempa aanze nayo njiani," akaniambia. "Kazi yenyewe iko Kitui."

Kitui tulimpata daktari wa kike, kijana, mwembamba, viatu vya raba. Alimbonyeza mtoto hapa na hapa, akatuambia anashuku homa ya uti wa mgongo. Ni bakteria, akasema, wameingia kwenye damu, kutoka kwenye damu wamefika kwenye ngozi inayofunika ubongo. Utosi umejaa kwa sababu ndani kumevimba. Ili ajue hakika lazima achukue maji kidogo mgongoni kwa sindano.

Mama mmoja wa kitanda cha jirani akanivuta leso. "Usikubali. Wakitoa hayo maji mtoto atakuwa kiwete."

Mimi sijui kunong'ona. Nikamwuliza daktari mbele yake. "Daktari, huyu mama anasema ukimtoboa mgongo atalemaa. Ni kweli?"

"Si kweli, mama. Sindano inaingia chini, mahali ambapo uti wenyewe umeshaisha. Wale unaowaona wamelemaa, ni ugonjwa ulikaa nao kabla hawajaletwa."

"Basi toboa."

"Si wewe wa kusema," akanijibu, kwa adabu lakini akanijibu. "Mwenye kusema ni mama ya mtoto."

Msichana alikuwa anaangalia sakafu. Akatingisha kichwa, ndiyo. Nilikasirika kidogo. Mtoto mwenye jina langu, na mwenye kusema ni huyu asiyesema. Lakini neno la daktari nililiweka moyoni.

Baadaye daktari alituambia yale maji yanatakiwa yawe safi kama ya mvua. Ya mtoto wetu yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele.

Wakaanza dawa. Antibiotiki za kupitia mshipa, sindano asubuhi, mchana, jioni. Hazikuanza vizuri. Joto lilikataa kushuka, na majibu ya maabara yalipokuja wakabadilisha dawa moja wakaweka nyingine yenye nguvu kwa wale wadudu wenyewe. Mishipa ya mtoto mchanga ni kama nyuzi. Ya mkono ikavimba, ya mguu ikavimba, sista akasema sasa ni kichwani, lazima anyoe kipande juu ya sikio.

"Ngoja," nikasema.

"Mama, dawa inachelewa."

"Sikatai. Lakini nywele za kwanza za mtoto kwetu zinanyolewa na nyanya yake. Mkono wa kwanza uwe wangu."

Akanitazama. Halafu akanipeleka kwenye sinki, nikanawa mpaka viwiko, akanipa wembe mpya kutoka kwenye karatasi. Nilinyoa kidogo tu, kama upana wa kucha, yeye akamalizia. Vinywele vile nilivifunga kwenye pembe ya leso, kama akina mama walivyofunga kikombe chao cha unga.

Siku ambayo joto lilishuka na mtoto akanyonya hata akasikika akimeza, nilimwuliza daktari, "Tutaenda nyumbani lini?"

"Dawa ni ya wiki tatu. Tunahesabu tangu tulipobadilisha."

"Hata akipona?"

"Hasa akionekana amepona, mama. Hapo ndipo watu hutoroka. Joto likishuka, bakteria wengi wamekufa, lakini si wote. Waliobaki wamejificha mahali dawa inafika kwa shida. Ukiacha sasa, wanarudi, na mara ya pili mtoto hana nguvu."

"Wako ndani ya punje," nikasema.

"Wako wapi?"

Nikamweleza habari ya fukusi na kuanika juani. Alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Mahindi sijui, mama, mimi hununua unga. Lakini ndiyo. Ni hivyo hivyo."

Basi tukakaa. Wodi ile ilikuwa mtoto mmoja na mtu wake mmoja, lakini miguu ya msichana ilikuwa imevimba, sista mkuu akanifumbia macho. Nililala chini ya dirisha juu ya leso mbili. Mchana nilifua nepi, nilipanga foleni ya chai, nilimshika mtoto mama yake akienda kuoga. Kazi ilikuwepo. Mtu wa kuongea naye ndiye hakuwepo. Msichana alilala akiangalia ukuta. Simu yake ikilia alikuwa anaongea na mama yake Kikikuyu, haraka haraka, na mara nyingine anacheka, na mimi ninakaa pale kama kiti. Neno moja tu nililishika, cucu, ambalo ni nyanya. Sikujua kama cucu ni mimi au ni mtoto. Sikujua kama ninasifiwa au ninasengenywa. Niliangalia dirishani nikajifanya nina jambo huko nje.

Simu yangu mimi haikulia. Akina mama wa kanisa walisema watakuja na hawakuja. Mbali, nauli, njaa, naelewa. Lakini kuelewa hakukufanyi ukae na watu. Jioni nilikuwa nahesabu kichwani mali yangu ya nyumbani ili nisinzie: kuku, mbuzi, sufuria, kibuyu. Nikifika kwa kibuyu usingizi unaruka.

Halafu mvua ikanyesha.

Niliisikia harufu kwanza, udongo ukifunguka. Wodi nzima ilisimama. Akina mama wakaenda dirishani na watoto wao na chupa zao za drip, wananyoosha mikono nje kama watu wanaoomba. Wengine walilia. Kila simu ikatoka. "Imenyesha huko kwenu? Imefika mpaka mtoni? Mmetoa majembe?" Watu wa Mukuyuni, watu wa Mutomo, wote wanauliza swali moja. Mimi pia nilipiga, nikampigia mwenyekiti.

"Susu! Imemwagika! Uko wapi wewe? Watu wako shambani tangu kuchomoza. Mtoto anaendeleaje?"

"Ananyonya. Joto hakuna."

"Aleluya! Si ndiyo hiyo? Mungu amemponya. Jumapili tutangaze shukrani. Funga mizigo uje upande, shamba lako limekaa kama uwanja wa mpira."

"Dawa haijaisha."

"Dawa gani tena? Mtu ameponywa, wewe bado unamdunga? Hiyo si imani, Susu, hiyo ni kumkagua Mungu kama mwalimu."

"Nipandie, basi. Mbegu ziko kwenye kibuyu, mlango unaujua."

Najua alichokuwa anafikiri. Ana ekari zake, ana mgongo mmoja, na unyevu wa ardhi hausubiri mtu. "Susu, nitajaribu," akasema, na sisi wote wawili tulijua maana ya nitajaribu. "Lakini bora uje mwenyewe. Utakula nini mwaka ujao?"

"Sitoki hapa mpaka dawa iishe."

"Haya. Kaa na sindano zako."

Wiki ile vitanda vilianza kubaki wazi. Yule mama wa kunivuta leso alitia sahihi akaondoka na mtoto wake katikati ya dawa, kwa sababu mume alikuwa amesimama mlangoni na matope mpaka magotini. Nilimwangalia akitoka. Mpaka leo sijui mtoto yule alifika wapi.

Kisha mwanangu akaja. Aliazima pikapu Salama, ina makreti ya machungwa nyuma, na yeye mwenyewe amelowa. Alimchukua mtoto, akamwinua juu, mtoto akamkodolea macho makubwa safi. Mwanangu akacheka mpaka meno ya nyuma.

"Mwaitu! Huyu ni mzima kuliko mimi!" Alikuwa anaongea Kiswahili ili mkewe asikie. Akamgeukia. "Fungasha, twende. Mama apande, na wewe nikurudishe Salama ukapumzike."

Msichana akaanza kukunja leso. Moja, nyingine, anazipanga juu ya mfuko. Hakuniangalia.

"Dawa bado," nikasema.

"Nitanunua ya chupa. Duka la dawa liko Salama pale pale, ile ya maji, anakunywa kwa kijiko. Dawa si ni dawa?"

Sista alikuwa anapita, akasimama. "Baba, ile ya kijiko haifiki kwenye ubongo kwa nguvu inayotakiwa. Kwa ugonjwa huu ni ya mshipa mpaka mwisho."

"Sista, mimi ndiye baba yake."

"Najua. Na mimi nimekuambia."

Akaondoka na trei yake. Mwanangu akachuchumaa mbele yangu, akahamia Kikamba, kama anavyofanya akitaka kitu tangu mdogo. Mwaitu, msimu unapita. Ulilala njaa na zile mbegu, wewe mwenyewe uliniambia. Mimi biashara mvua ikinyesha inakufa, sitaweza kukulisha mwaka ujao. Mtoto huyu amepona, si unaona kwa macho yako?

Niliona. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Ningekuwa sioni ingekuwa rahisi. Mtoto alikuwa mzuri, mashavu yamerudi, utosi umelala mahali pake, laini, unapumua chini ya kidole. Na nje ya dirisha mawingu yalikuwa yanakwenda upande wa Kanyangi, juu ya shamba langu, juu ya kibuyu changu. Lakini niliwahi kufunga gunia nikidhani limepona.

Nikaketi juu ya mfuko wa nguo, na leso zake zilizokunjwa nikazikalia.

"Sitoki hapa mpaka dawa iishe."

"Mwaitu, inuka."

"Nimesema."

"Basi wewe baki!" Alisimama, na sasa alikuwa anaongea kwa sauti ambayo hata wodi ya pili wanasikia. "Baki na hospitali yako! Lakini mke ni wangu na mtoto ni wangu. Jumamosi narudi na hili gari, na nikifika nikute wamevaa. Umesikia?" Hilo la mwisho alimwambia mkewe.

"Nimesikia," akasema msichana.

Akaenda. Alituachia machungwa kitandani bila kuaga.

Tulibaki wawili tena. Nikamngoja aseme kitu. Aseme mama umefanya vizuri, au aseme mama umenivunjia ndoa, chochote. Alimnyonyesha mtoto akiangalia ukuta. Nilipoinuka juu ya leso hakuzikunjua. Zilikaa juu ya mfuko hivyo hivyo zimekunjwa, tayari kwa safari, na mimi nikawa naziangalia kama mtu anayemwangalia nyoka.

Nilijua daktari alisema nini. Mwenye kusema si mimi. Naweza kukalia mifuko yote ya Kitui, msichana akisema twende, wataenda.

Sasa niseme ya mwisho wa yote, kwa sababu sipendi mtu anayeficha mwisho. Mtoto alimaliza dawa. Wiki tatu zote, mpaka tone la mwisho. Yuko hai, anasoma chekechea huko Salama, ana jina langu na ubishi wangu. Sikio la kushoto halisikii vizuri. Walimpima baadaye wakasema ugonjwa ulipitia hapo. Mwenyekiti aliposikia akasema, "Sasa ulikaa kwa nini?" Nikamwambia, nilikaa kwa ajili ya lile la kulia.

Nilipofika nyumbani shamba la kila mtu lilikuwa kijani, langu jekundu. Nilipanda hata hivyo, peke yangu, kwenye udongo ulioanza kukauka. Kunde ziliota, zikatoa maua, mvua ikakata. Nilivuna kiasi cha kujaza mikono miwili, na kibuyu kikaning'inia kitupu mwaka mzima. Mwanangu alinisamehe polepole, kwa mafuta na sukari, bila kusema. Wao wako Salama, mimi niko hapa. Akipiga simu mtoto anaanza na sikio baya, ananisikia kama mtu aliye ndani ya mtungi, halafu anapiga kelele, "Susu, ngoja nikuhamishe!" Ananihamisha. Tunaongea kidogo, salio linaisha, nyumba inanyamaza, nami nakaa na simu mkononi ikiwa na joto bado.

Katika ukimya huo ninaikumbuka Ijumaa, siku moja kabla ya mwanangu kurudi na pikapu.

Nilikuwa nimetoka kuanika nepi kwenye waya nyuma ya wodi, jua lilikuwa limechungulia kidogo. Narudi na karai tupu, nikafika mlangoni, nikasimama. Msichana alikuwa amenipa mgongo, mtoto ziwani, simu begani ameibana kwa shavu. Alikuwa anaongea Kiswahili, kwa hivyo nilijua ni mwanangu. Sauti ya mwanangu niliisikia mpaka pale, si maneno, ukali tu. Msichana siku zote akiongea naye ana maneno mawili, sawa na ndiyo. Nilisimama na karai langu nikingoja sawa. Nilisema moyoni, akisema sawa nitaweka karai chini, nitamvalisha mtoto kofia mimi mwenyewe, na sitagombana tena na mtu.

Hakusema sawa. Alimwacha mwanangu aongee mpaka akachoka. Akamtoa mtoto kwenye ziwa hili akamweka kwenye lile, akiangalia ule mrija wa dawa usijipinde. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, bila kujua niko nyuma yake:

"Sitoki hapa mpaka dawa iishe."